Msimu wa Kuteleza

Agosti 11
Mvua imeanza saa tatu asubuhi, na kufikia saa sita nilikuwa nimeshafunga plasta nne. Wa kwanza aliteleza ngazini, wa pili jikoni, wa tatu uani, wa nne aliteleza "huko tu". Daftari la chumba changu lina safu iliyoandikwa SABABU. Nimejaza kuteleza, kuteleza, kuteleza, kuteleza, mpaka nikaona haya mwenyewe.

Mwaka wa kumi na sita huu nafunga plasta katika hospitali hii. Mimi si daktari. Daktari anaangalia picha ya eksirei, ananielekeza nini cha kufunga, anaondoka. Lakini mifupa ya mikono naijua. Mtu akiteleza kweli hutanguliza viganja, na mkono huvunjika karibu na kifundo. Mtu akiinua mkono kukinga uso usipigwe, huvunjika huku katikati, upande wa kidole kidogo. Wa kwanza leo alikuwa mzee, kavunjika kifundoni. Wale watatu waliobaki ni wanawake, na wote wamevunjika katikati. Wote waliletwa na waume zao, na nilipouliza kilichotokea, waume ndio waliojibu.

Agosti 12
Mvua. Kuteleza wawili.

Agosti 15
Nimeandika barua kwa Mganga Mkuu. Tarehe mbili Oktoba ni siku ya dunia ya kupinga matumizi ya nguvu, na kila mwaka inapita hapa bila hata mtu kuisalimia. Nimeomba safari hii tuiadhimishe, na kwa jambo moja tu: kuanzia siku hiyo, mgonjwa aingie chumba cha plasta peke yake, mlango ufungwe, aulizwe kimemtokea nini. Basi. Sikuomba hema, sikuomba keki.

Matroni aliisoma akiwa amesimama, miwani puani. "Dada Plasta, umeanza siasa?"

Nikamwambia mlango kufungwa si siasa. Akaniambia kila mlango humu una siasa yake, akaibeba barua.

Agosti 20
Mganga Mkuu kaniita. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo si la kawaida, nikajua anakataa. "Siku ya amani si siku ya kuchokoza ndoa za watu," akasema. Nilimuuliza nani amechokoza. Akatazama saa.

Agosti 24
Kaka kaja kumwona Mama. Naishi na Mama tangu nifiwe na mume, na Kaka, ambaye ni diwani wa kata yetu, hupita kila wiki. Akiingia yeye nyumba inachangamka. Anamtania Mama mpaka anashika mbavu. Nilimsomea barua yangu. Alisikiliza yote, bila kugusa simu, kisha akasema, "Niachie hili, mdogo wangu. Kwa nini hukunijia mapema?"

Ndiyo maana watu wanampigia kura. Mimi pia ningempigia hata asingekuwa kaka yangu.

Agosti 29
Imekubaliwa! Kaka alimpigia Mganga Mkuu simu moja tu. Siku itaadhimishwa, kamati imeundwa, na Kaka ndiye mwenyekiti.

Septemba 3
Kikao cha kwanza cha kamati. Dakika arobaini tumejadili rangi ya fulana. Matroni anataka njiwa kifuani. Mtu wa stoo akauliza njiwa atazame kulia au kushoto, na watu wazima, wenye akili zao, wakagawanyika pande mbili. Nilipotaja mlango wa chumba cha plasta, Kaka alisema kwa upole kabisa, "Hilo tutaliangalia." Kaandika kitu. Nilichungulia: alikuwa amechora njiwa.

Septemba 5
Mvua. Kuteleza watatu. Mmoja ameteleza mara ya pili tangu Agosti, mkono mwingine.

Septemba 9
Nimepita mitaani na karatasi ya sahihi, ili kamati isiseme ni wazo la mtu mmoja. Kinyozi wa kona alisaini, kisha akauliza, "Siku nzima bila kumpiga mtu? Na watoto je?" Wateja wake wakacheka. Nilimwambia afute jina lake. Hakufuta, akaendelea kunyoa. Msusi wa jirani yake alisaini bila kusoma, akaniomba kalamu tena, akasaini mara ya pili. "Hiyo ya pili ni ya mama yangu," akasema.

Nimepata sahihi mia mbili na kumi na nne. Aliyekataa waziwazi ni mmoja tu, naye ni mwenzetu: fundi wa eksirei. Tunamwita Kivuli, kwa sababu anashinda kwenye chumba chake cha giza na kwenye vikao haonekani. "Mimi sisaini," akasema, akafunga mlango. Kazi anaifanya vizuri lakini ni mwoga wa kutupwa. Mtu anayeona mifupa iliyovunjwa kila siku halafu hana la kusema!

Septemba 13
Fulana zimefika. Njiwa anatazama kushoto.

Septemba 17
Sijui nianzie wapi.

Saa nne na nusu asubuhi nilisikia sauti ya Kaka ukumbini akitaniana na mlinzi. Nikadhani kaja kwa habari za kamati. Mlango ukafunguka, akaingia amemshika Wifi begani, mwavuli kwapani. Wifi alikuwa ameuning'iniza mkono wa kushoto kwenye mtandio. Kabla sijauliza, Kaka akasema, "Kateleza bafuni. Kila siku namwambia avae kandambili."

Nikaipokea picha ya eksirei, nikaiinua kwenye taa. Katikati. Upande wa kidole kidogo.

Nilimtazama Wifi. Miaka kumi na mitatu tangu aolewe na Kaka. Nilipofiwa ni yeye aliyekuja kunisuka kila Jumamosi, miezi sita, bila kuongea sana, kwa kuwa alijua sitaki maneno. Leo hakuniangalia hata mara moja. Aliangalia ndoo yangu ya maji.

"Kaka, tupishe kidogo."

"Niwapishe niende wapi? Mimi ni mtu wa nje hapa?" Akavuta kiti, akakaa.

"Ndio utaratibu ninaouomba. Unaujua, umo kwenye barua."

"Barua inasema tarehe mbili." Akacheka lile cheko lake la kumfurahisha kila mtu. "Leo kumi na saba, mdogo wangu."

Na mimi nikacheka. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: nilicheka. Mdomo wangu ulicheka kwa mazoea, kama tunavyocheka wote Kaka akisema jambo.

Nikazungushia pamba. Nikalowesha bandeji, nikangoja mapovu yaishe, nikakamua, nikaanza kufunga. Plasta ikianza kukauka hutoa joto, na mgonjwa asipoambiwa hushtuka. Nikamwambia, "Itapata joto, Wifi, usiogope." Midomo yake ikacheza, machozi yakaanguka mawili juu ya plasta mbichi, nikayalainisha humo humo kwa kidole.

Kisha daftari. Jina. Umri. Mkono. SABABU. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Aliteleza," akasema, kama anayemsaidia mtoto imla.

Nikaandika. Mimi! Mwezi mzima nakimbiza watu mitaani na karatasi, namtolea kinyozi macho, namwita mwenzangu mwoga, na siku kitu chenyewe kimeingia chumbani kwangu kimevaa viatu vya Kaka, nimeandika aliteleza kwa mwandiko mzuri.

Septemba 18
Mvua. Sijaenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Septemba 20
Nimekwenda kwa Wifi wakati Kaka yuko kwenye kikao cha baraza. Wifi alikuwa jikoni anamenya viazi kwa mkono mmoja. Binti yao, wa miaka saba, anamshikia kiazi kisizunguke.

"Shangazi, tazama, mimi ndiye mkono wa Mama," mtoto akasema.

Nilimtuma nje. Nikamwambia Wifi, "Niambie."

"Niliteleza."

"Wifi, nafunga mifupa miaka kumi na sita."

Akaweka kisu chini. "Na mimi naishi humu miaka kumi na mitatu. Nikikwambia, halafu? Utanipandisha jukwaani na plasta yangu, watu wapige makofi, jioni nirudi hapa? Mimi si bango lako, Wifi. Siku ile nilikuwa nimekuja kwako. Nilijiambia, nikifika kwa wifi yangu atamtoa huyu nje. Ukamchekea."

Nikamalizia viazi, nikaondoka.

Septemba 22
Mama kaambiwa kwamba nilikwenda. Kaambiwa na nani, sihitaji kuuliza.

"Kaka yako ndiye aliyekusomesha."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe unataka kumvua nguo mbele za watu."

"Mama, mkono wa Wifi umevunjika."

"Mkono utaunga. Jina la mtu likivunjika utalifunga kwa plasta gani?"

Akaenda chumbani. Jibu lilinijia baada ya mlango kufungwa, na ninaliandika hapa kwa kuwa hakulisikia: jina lake halina maumivu, Mama. Jina halimenyi viazi.

Septemba 25
Kivuli kaniita chumbani kwake. Mara ya kwanza kwa miaka yote hii. Alivuta saraka, akatoa bahasha za picha, akazipanga mezani. Chini ya kila bahasha, kwa penseli, maneno yale yale: *Jeraha halilingani na maelezo.* Tarehe na sahihi yake. Bahasha baada ya bahasha, miaka tisa.

"Nakala inakwenda kwa daktari na maneno haya haya," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nina maana gani."

Nilikaa. Miaka tisa mtu huyu amekuwa akipiga kelele kwa penseli, na mimi nimekuwa nikimcheka kwa jina la utani.

"Sasa kwa nini hukunisainia?"

"Karatasi yako ilikuwa inaomba siku. Siku mnazo nyingi." Akazirudisha bahasha moja moja. "Picha ya wifi yako nimetoa nakala mbili. Moja ninayo. Akiitaka nitampa. Nimesema akiitaka yeye, Dada Plasta. Si wewe."

Septemba 26
Mvua. Kuteleza wawili. Wote niliwafunga mume akiwa ndani. Kila mume nilimwomba atoke, hakutoka, na sheria ya kumtoa sina.

Septemba 28
Bango limetundikwa getini. Njiwa ni mdogo kama nzi. Uso wa Kaka ni mkubwa kama mlango. Chini: MGENI RASMI. AMANI HUANZIA NYUMBANI.

Nilipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Mganga Mkuu. Nikamwambia mgeni rasmi abadilishwe. Akaniuliza kwa sababu gani. Nikafungua mdomo, nikamkumbuka Wifi na kisu chake, nikaufunga. Si yangu kusema.

"Bila sababu siwezi," akasema. "Na bango limeshachapwa."

Nimejiuzulu kamati. Matroni alikuwa mlangoni, fulana zimemjaa mikononi. Nilimpita bila salamu; yeye na njiwa wake.

Oktoba 2
Hema lilisimama uani tangu asubuhi, mvua inalipiga kama ngoma. Vipaza sauti viwili, viti mia moja, fulana kila kona. Mimi niliingia chumbani kwangu na kuvaa aproni. Mifupa haina sikukuu.

Saa nne bendi ikapiga. Saa nne na nusu nikasikia sauti ya Kaka ikijaribu kipaza sauti, watu wakacheka tayari. Nilikuwa nakata pamba. Mlango ukafunguka, akaingia Wifi. Peke yake, gauni jipya la shughuli, viatu vimelowa, plasta imefichwa chini ya mtandio wa rangi ya gauni.

"Amenikalisha mstari wa mbele," akasema. "Ameniambia nifunike mkono, nisiharibu picha." Akakaa kitandani. "Funga mlango."

Nilifunga. Sikumuuliza lolote. Nilivuta kiti, nikakaa chini kidogo kuliko yeye, mikono mapajani, nikangoja. Nje Kaka alikuwa akisema kwamba mwanaume wa kweli hushinda hasira yake. Makofi.

Wifi alianza na mwaka wa pili wa ndoa. Sitaandika hapa aliyosema, ni yake. Aliongea akiutazama ukuta, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyopotea, na kila alipofika mahali pagumu uani walipiga makofi, ikabidi angoje yaishe ndipo aendelee. Nilishika ukingo wa kitanda nisisimame. Hasira niliyokuwa nayo ingeweza kuling'oa lile hema na vigingi vyake.

Ghafla hotuba ikakatika, bendi ikaingia. Kisha hatua ukumbini. Nazijua.

"Mke wangu yuko humu?"

Nikasimama. Lakini sauti iliyojibu ilitoka nje ya mlango, na ilikuwa ya Matroni.

"Mheshimiwa, ndani kuna mgonjwa. Mgonjwa anaingia peke yake. Ndio utaratibu."

"Utaratibu gani huo?"

"Ulioanza leo. Uko kwenye barua ya dada yako, na wewe ndiye mwenyekiti."

"Matroni, nipishe."

"Nina miaka hamsini na minane, Mheshimiwa, na nina uzito wangu. Ukitaka kupita itabidi unisukume, na ukumbi umejaa watu wenye fulana zako."

Halafu cheko lake, lile lile, ila safari hii hakuna aliyecheka naye. Hatua zikarudi zilikotoka.

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono mzima. Akauondoa. "Naomba hiyo picha," akasema. "Kivuli aliniambia anayo."

Kumbe Kivuli alikuwa amemtafuta mwenyewe, bila kupitia kwangu. Na alifanya vizuri.

Tulimpitia Kivuli, tukatokea mlango wa nyuma, sisi watatu, yeye kaificha picha ndani ya koti la mvua, mpaka kituo cha polisi. Polisi wa kaunta alisikiliza nusu ya habari, akaliona jina la mtuhumiwa, akaweka kalamu chini.

"Mama, haya si ya kuzungumza nyumbani? Hata leo siku ya amani!"

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumpa maneno ambayo asingeyasahau mpaka astaafu. Wifi akanigusa kiwiko, akainama mbele ya kaunta.

"Shika kalamu, mwanangu," akamwambia taratibu. "Andika."

Akaandika.

Oktoba 3
Nimelifungua daftari kwenye Septemba 17. Nimepiga mstari mmoja juu ya neno langu, bila kulificha, na kando nimeandika: *Alipigwa. Maelezo ya mgonjwa mwenyewe.* Tarehe, sahihi.

Mganga Mkuu kanipa barua ya onyo kwa kutoka kazini bila ruhusa. Nimesaini. Kivuli kapewa yake, kasaini kwa penseli, karudishiwa asaini tena. Matroni alipoitwa, alikwenda na karatasi aliyoipiga chapa mwenyewe: UTARATIBU WA CHUMBA CHA PLASTA. Alikaa huko saa nzima. Alipotoka karatasi ilikuwa na muhuri.

"Alikataa mara tatu," akasema. "Nikamuuliza kama anataka nikaombe kwa mia mbili na kumi na nne waliosaini." Kisha, akiwa ameshageuka: "Na njiwa walikuwa wazo zuri, hata useme nini."

Nimemwomba radhi. Alijifanya hasikii.

Oktoba 5
Kaka alilala mahabusu usiku mmoja, akatoka kwa dhamana. Haruhusiwi kukanyaga kwa Wifi mpaka kesi. Kapanga chumba.

Mama kafunga begi. Anakwenda kumpikia. Nilisimama mlangoni nikiwa sijui nimshike au nimpishe. "Nina watoto wawili," akasema. "Mmoja amebaki peke yake." Nikamwambia Wifi naye amebaki peke yake. Akasema Wifi anaye mimi.

Nimekasirika na Mama kuliko nilivyomkasirikia Kaka, na sijui kama ni haki. Sufuria lake kalibeba.

Oktoba 8
Mvua. Wanne. Wawili wameteleza, kweli kabisa, kifundoni. Mmoja kaniomba maji, akanywa, akasema hana la kusema leo. Nimemwambia mlango upo hata kesho. Mmoja kasema.

Oktoba 16
Jana barazani madiwani wawili wamesema kesi ni njama za wapinzani. Msusi aliwajibu kutoka viti vya nyuma mpaka akatolewa nje. Kinyozi naye alitoka. Sijui kama alitoka naye au alikuwa anakwenda zake tu.

Oktoba 23
Jua. Nimekutana na Mama sokoni. Amekonda. Aliniuliza kama mkono wa Wifi unawasha ndani ya plasta. Nikasema unawasha. "Asikune kwa kijiti," akasema, akaenda zake haraka.

Oktoba 30
Leo nimemkata Wifi plasta. Mkono umetoka mwembamba, mweupe kwa ukavu, una harufu, na yeye akauangalia kama wa mtu mwingine. Nikauosha kwa maji ya uvuguvugu, nikaupaka mafuta. Nilimwonyesha namna ya kufumba na kufumbua vidole, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Kesi ni mwezi ujao na wakili wa Kaka ana sifa ya kuliza mashahidi. Wifi anajua.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miguu inaning'inia. Akauliza, kama anayeuliza habari za chakula, "Mama, Baba atarudi lini?"

Nilishika kitambaa nikajifanya nafuta meza.

Wifi hakuharakisha. Alifumba vidole, akavifumbua, akavifumba.

"Sijaamua," akasema.

Mtoto akaridhika, akashuka kitini, wakatoka wameshikana mikono, ule mwembamba ndio uliomshika mtoto.